Yunus wa Shela

Nianze kwa kukiri: fundi aliniambia nisiguse.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka 2007, ilitoka Uingereza ikiwa na miaka sita, nami nikainunua kwa ami yangu aliyekuwa akibebea simiti. Mimi nabebea samaki. Kila alfajiri napakia makreti ya changu, pono na kolekole, natoka nayo hadi Gede na Matsangoni, na maji ya barafu yenye chumvi yanatiririka yanakotaka. Ukiingia ndani huna haja ya kuniuliza nafanya kazi gani. Naishi Shela. Shela ya Malindi, si ile ya Lamu yenye punda na mahoteli. Kwetu sisi ni tuktuk.

Mvua za masika zilipoanza ndipo pikapu ilipoanza na yake. Nikiwasha indiketa ya kushoto, wipa zinapangusa kioo kikavu. Nikikanyaga breki, taa ya ndani inawaka kama mtu anayetafuta sindano. Vioo vikawa vinapanda na kushuka kwa hiari yao. Siku moja nilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, nikateremsha kioo nimwamkie afisa, na kabla sijamaliza "habari ya kazi" kioo kikapanda chenyewe, polepole, mimi nikiwa bado natabasamu. Akasubiri. Kioo kikashuka. "Umemaliza?" akauliza.

Hayo ningevumilia. Lakini honi nayo ikaanza kulia saa nane za usiku. Bibi wa nyumba ya pili akanijia asubuhi na buibui lake la haraka haraka. "Mwanangu, gari la Wazungu hilo. Limekuja na wenyewe." Kwetu ukisikia "wenyewe" kwa sauti ile ya chini, haisemwi habari ya wenye kadi ya gari.

Nikamwita fundi wa waya. Akalala chini ya deshibodi na tochi mdomoni, akatoka na kunieleza kitu ambacho hadi leo nakipenda. "Yakhe, katika gari kama hili swichi haiwashi taa. Swichi inaomba. Kuna kompyuta ya bodi humu chini, hiyo ndiyo inayoamua: taa, wipa, honi, vioo, kufuli za milango, alamu. Ikilowa inasikia maombi ambayo wewe hukuomba." Akanionyesha. Ni boksi jeusi, ukubwa wa kitabu cha hadithi, limechomekwa soketi nne. Gundi ya kioo cha mbele ilikuwa imeachia, maji ya mvua yanashuka juu yake tone kwa tone, na vile vipini vya shaba ndani ya soketi vimeota ukungu wa kijani. Hewa yetu ya bahari ikamalizia kazi.

"Tafuta nyingine, hata kuukuu," akasema, "lakini usiifunge mpaka nije na mashine, Jumatatu." Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nikapata boksi kwa muuza spea wa Mombasa, shilingi 9,000, likaja kwa basi limefungwa kwenye gazeti. Nikalinganisha namba za nyuma ya lile la zamani na hili, moja baada ya moja, mpaka herufi ya mwisho. Sawasawa kabisa. Sasa niambieni, boksi ni lile lile, soketi ni zile zile, mimi nimetazama video tatu kwenye simu, ya nini kumlipa mtu aje kuchomeka? Soketi huchomekwa na fundi? Hata pasi ya nguo nachomeka mwenyewe.

Ijumaa, yapata saa tano na nusu, nikamwita shemeji, mdogo wa mke wangu, anisaidie. Kijana mzuri, mtiifu, ana tatizo moja tu: ukimwambia jambo analifanya. Nikamwambia asimame mbele penye boneti, atoe tamino ya betri, na nikipiga kelele "rudisha!" arudishe. Nikasubiri dakika kumi na tano kama walivyoelekeza kwenye video, nikaingia ndani. Watoto wa mtaa wakaanza kujaa mlangoni. Ami, hicho nini? Ami, kinauma? Nikafunga milango yote ili nifanye kazi kwa utulivu. Vioo vilikuwa vimepanda. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Boksi la zamani nikalitupa kwenye kiti kwa dharau. Jipya nikalichomeka, soketi ya nne ikalia tik, tamu kweli. Nikapaza sauti: "Rudisha!"

Kacha!

Milango yote minne kwa pamoja. Halafu taa zote zikaanza kupepesa, na honi ikaanza kulia. Si honi ya kuomba njia, ni ile ya alamu, pa, pa, pa, pa, haipumui.

Nikavuta kishikio cha mlango. Kikaja mkononi laini, chepesi, kama kimekatwa waya. Nikajaribu cha pili. Vivyo hivyo. Nikabonyeza kioo, kioo hakinijui. Nikatia ufunguo na kuuzungusha, hakuna kilichojibu ila kitaa chekundu kwenye deshibodi, kinanikonyeza.

Baadaye nilikuja kufahamishwa. Magari mengi ya Uingereza yana kufuli maradufu: yakifungwa hivyo hata kishikio cha ndani hakifungui, ili mwizi akivunja kioo asiweze kuingiza mkono akafungua mlango. Na kompyuta ya bodi hukumbuka funguo za gari ilikotoka. Hii yangu ilikuwa inamkumbuka bwana wake wa zamani. Ilipoamka ikamkuta ndani mtu asiyejulikana, ananuka samaki, ana ufunguo usio wake. Ikafanya kazi yake. Mwizi alikuwa mimi.

Kule nje shemeji alikuwa anapiga makofi. Alisikia honi, akajua mambo yametengenea. Nikampungia mikono: toa, toa! Naye akanipungia. Nikampigia simu. Nikamwona akiitoa mfukoni, akaitazama, akaja hadi kwenye kioo, akanionyesha kwa kidole kwamba kuna kelele, atanipigia baadaye.

Jua la Malindi saa sita mnalijua. Ndani ya kabini ile hewa ya joto ikachanganyika na harufu ya pono wa wiki nzima, nami nikaanza kutoka maji kama barafu ya makretini. Wanaume waliovaa kanzu wakielekea msikitini wakasimama. Mzee mmoja Mwitaliano anayeishi karibu na ufuo akasimama na mbwa wake; wote wawili wakanitazama kwa huruma, ila mbwa ndiye hakupiga picha. Kila aliyefika alikuwa na ushauri, na kila mmoja aliutoa kwa kupigapiga kioo. Muuza madafu alitaka kioo kivunjwe, na panga alishalishika. Nikamwonyesha vidole kuhesabu bei ya kioo, akadhani namwambia nahesabu hadi tano ndipo avunje. Nilipoona mkono unapanda nikalia kwa sauti ambayo ilishinda honi.

Bibi wa nyumba ya pili hakuwa na pupa. Alikuja na chetezo chake, ubani unafuka, akaanza kuizunguka pikapu taratibu. Alipopita upande wangu akanitazama kwa jicho la "si nilikwambia". Moshi ukaingia kwa matundu ya kiyoyozi. Sasa nina joto, samaki na ubani. Nikaanza kusoma ile dua ya Nabii Yunus alipokuwa tumboni mwa samaki, na niliisoma kwa moyo mkunjufu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Adhana ikaanza. Hapo ndipo shemeji alipoona haya, akang'oa tamino.

Kimya. Alhamdulillahi. Lakini milango imebaki vile vile, maana kufuli ikishajifunga inahitaji umeme ili ifunguke. Bila umeme siwezi kutoka, na umeme ukirudi unarudi na honi, imamu naye anapanda mimbari. Tundu la ufunguo liko nje, ufunguo uko ndani, na dirisha dogo la nyuma ami yangu aliliziba kwa bati tangu enzi za simiti.

Nikakaa. Mkono wangu ukagusa kitu kwenye kiti. Boksi la zamani.

Nililitazama kwa muda. Nilikuwa nimelitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikalifuta jasho langu kwa kanga ya kiti, nikalisugua vipini vyake kwa ncha ya shati, nikachomoa lile jipya na kulirudisha hili la zamani, soketi moja moja, nikinong'ona nalo kama mtu anayembembeleza mke aliyerudi kwao. Halafu nikambana shemeji kioo kwa kioo: "Rudisha. Polepole."

Kacha!

Wipa zikapangusa mara mbili, taa ya ndani ikawaka, vioo vyote vinne vikashuka kwa hiari yao. Nikatokea dirishani kichwa kwanza, sikungoja mlango. Bibi akasema "mashallah" na kuanza kukusanya makaa yake. Ile shilingi mia mbili ya ubani alikuja kuidai Jumamosi.

Jumatatu fundi alifika na kompyuta yake ya mapajani. Akaliandikisha boksi jipya funguo zangu, akaliambia gari lina nini na halina nini, akapiga gundi kioo cha mbele, akaifunga waya ya ethi, ile inayoshikana na bodi ya gari, iliyokuwa imelegea. Saa moja na nusu, kimya kimya. Hakuniuliza chochote, mtaa mzima ulikuwa umeshamsimulia.

Sasa indiketa inawasha indiketa. Ila lile boksi linaamini bado liko kwenye gari la kifahari: kila nikiwasha pikapu linaniwashia alama ya kiti cha kupasha joto, hapa Malindi. Fundi anasema anaweza kuizima alama hiyo akirudi.

Na nikipita barazani penye wachezaji wa bao, hakuna anayeniita kwa jina langu tena. Mmoja ananyanyua mkono bila kuinua macho kwenye kete. "Yunus," anasema, "chewa wako hajambo?"