Tabora hakuna vuli

Kila Oktoba redio ikitangaza kwamba mvua za vuli zimeanza, ndugu zangu wa Dar hunipigia simu kuuliza kama na sisi tumeshapanda. Tupande wapi, kwenye vumbi? Mwezi huo Tabora jua linawaka, miyombo ndiyo kwanza inatoa majani mekundu, na mkulima wa tumbaku anamwagilia kitalu chake kwa keni. Mvua zetu zinaanza Novemba hivi, zinakata Aprili, basi. Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua za msimu, na jina hilo mimi nalitetea.

Wapo wanaoliona butu. Eti vuli na masika ndiyo majina, msimu ni neno la kubandika popote: msimu wa maembe, msimu wa ligi, hata rafiki wa msimu, yule anayekujua ukiwa na hela. Sawa, lakini tazama lilikotoka. Ni mausim ya Kiarabu, yenye mzizi wa kutia alama: wakati uliowekewa alama. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliufuata mausim kwa sababu ndio uliowapangia safari, kaskazi ikileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikiyarudisha. Wareno wakalichukua wakasema monção, na Waingereza nao wakapata monsoon yao. Neno la matanga hilo, leo linataja mvua ya mji ulio zaidi ya kilomita 600 kutoka baharini! Wala si ajabu sana: misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilitua hapa, na Kiswahili cha pwani kikatua nayo.

Ninachokataa ni kupimwa kwa kalenda ya pwani. Tanga na Tabora ziko karibu latitudo moja, kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, ila Tanga ina vuli na masika. Sisi, kuanzia Desemba hadi Februari, tunapata pia unyevu wa pepo za kutoka Congo, kwa hiyo pale ambapo pwani inapumzika sisi ndio tumelowa. Mvua ikikata wiki mbili Januari, roho juu, mahindi yanajikunja. Lakini hicho ni kiangazi kifupi ndani ya msimu, hakuna vuli iliyoisha hapo. Na Machi, wenzetu wakianza kuulizana kuhusu masika, huku majani ya tumbaku yako mabanini yanakaushwa.

Wazee wengine bado husema kifuku, neno tamu, ningefurahi lirudi redioni. Ila mtaani msimu limeshashika, na hapa halihitaji "wa" mbele yake. Mtu akikuuliza "msimu umekuwaje?" hakuulizi habari za Simba na Yanga. Hata maandishi yake yana sababu: msimu wa 2024/2025, mkwaju katikati, kwa kuwa mvua haijali Mwaka Mpya. Tunausherehekea na matope miguuni, na akina mama wako kando ya barabara na mabeseni ya uyoga wa porini.

Fundi cherehani wa mtaani kwetu anashona sare za shule kwa ahadi ya "nitakulipa baada ya msimu", na hajawahi kuuliza ni tarehe ngapi. Anajua ni soko la tumbaku likifunguliwa.