Rangi iliyobaki ni ya mwenye nyumba

Jumamosi iliyopita, yapata saa kumi jioni, nilimkuta kijana fundi rangi amechuchumaa kando ya mtaro wa mtaa wetu hapa Tabata, Dar es Salaam, akimimina mabaki ya rangi ya mafuta kutoka kwenye galoni ya lita 4. Ilikuwa ile rangi ya kahawia iliyopakwa siku hiyo kwenye milango na grili za madirisha ya jirani yangu. Ilikuwa nzito, ikaganda kwenye ukingo wa saruji, naye akaisukuma kwa thina aliyokuwa ameoshea brashi, hadi juu ya maji machafu ukatanda utando unaometameta. Nilipomuuliza kwa nini anafanya vile, aliniamkia kwanza, kisha akasema: "Mzee, mwenye nyumba ameagiza akirudi asikute hata kopo moja."

Simlaumu kijana yule. Mwenye nyumba ndiye aliyechagua rangi, akaenda dukani, akalipa na kuagiza ipakwe. Ikiwa ukutani ni yake na hujivunia, lakini ikibaki kwenye kopo huitwa uchafu wa fundi. Fundi huyo analipwa kwa siku, anapanga chumba kimoja, na anarudi kwake kwa daladala akiwa na brashi na rola zake kwenye mfuko. Tunategemea aipeleke wapi rangi yetu? Kumwambia "ondoa takataka zako" bila kumwonyesha pa kuziweka ni kumwagiza azimwage, na anayetoa agizo hilo anajua hivyo, au angejua kama angejiuliza swali moja tu.

Maji ya mitaro yetu huteremka hadi Mto Msimbazi, nao hupita katikati ya jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Bondeni humo watu wanalima mchicha na matembele tunayonunua jioni. Rangi ya mafuta hubeba viyeyusho vinavyotokana na mafuta ya petroli, na makopo ya zamani yaliyosahaulika stoo yanaweza kuwa na madini ya risasi kupita kiasi cha sehemu 90 katika kila sehemu milioni, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua. Watoto wa mtaa wetu huokota mipira yao ndani ya mtaro uleule.

Mabaki mengi huanzia dukani. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za kimo cha mita 3, kina mita za mraba 42. Ukitoa mlango na madirisha zinabaki kama 38. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili inahitaji lita 8 hivi, yaani galoni mbili. Anayenunua ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho kimoja amenunua lita 12 za kuhangaika nazo.

Rangi nzima inayofaa ihifadhiwe: futa mdomo wa kopo, weka kifuniko, kipigilie kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, andika chumba ilikotumika na mwaka, kisha uiweke mbali na jua, jiko na watoto. Rangi ya maji iliyobaki kidogo ichanganywe na mchanga au maranda hadi ikauke kabisa, ndipo iende kwenye takataka. Thina chafu ikiachwa ndani ya chombo kilichofungwa, rangi hutuama chini na ile safi ya juu hutumika tena. Ndoo tupu zisitekewe maji ya kunywa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mtaani kwetu hakuna kituo cha kupokea mabaki ya rangi ya mafuta. Katika jimbo la Oregon nchini Marekani, tangu mwaka 2010, mnunuzi hulipa ada ndogo pamoja na bei ya rangi, na mabaki yake hupokelewa, mara nyingi kwenye maduka yenyewe. Viwanda vyetu navyo vingeweza kuanzia hapo. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama pamoja na wajibu wa kuyalinda, na wajibu huo haukuahirishwa mpaka kituo kijengwe.

Jumapili nilikwenda kwa jirani. Alisikitika kweli, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba agizo lake lingeishia mtaroni. Tulifungua stoo yake tukakuta galoni mbili zaidi za rangi ileile, hazijaganda. Moja tumeipigilia kifuniko na kuiandika "milango, grili". Ya pili alimpigia simu fundi na kumuuliza kama angeihitaji, naye akaja kuichukua jioni hiyohiyo, apake mlango wa chumba chake.