Ankara Tatu za Saa Sita Usiku

Kazi ya kuvuta data, yaani programu inayonakili rekodi kila usiku kutoka mfumo wa mauzo kwenda ghala la data la kutolea ripoti, ikikatika katikati, mimi sishtuki sana. Mfumo umelalamika, umeacha ujumbe kwenye logi, daftari lake la matukio, na pa kuanzia unapajua. Kinachoninyima usingizi ni kazi iliyomalizika salama, alama ya kijani kila mahali, halafu mhasibu anakuja mezani na kuuliza kwa upole, "Mbona jumla ya mauzo yenu ni pungufu kuliko yangu?"

Swali hilo niliulizwa mwisho wa mwezi. Tulikagua vichujio, tukakagua ruhusa za mtumiaji, tukakagua hata fomati ya tarehe, na vyote vilikuwa sawa. Mwishowe tukalinganisha ankara moja moja, mfumo upande huu, ghala la data upande ule. Zilizokosekana zilikuwa tatu tu, na zote zilikuwa za dakika chache kabla ya saa sita usiku.

Kumbe katika mfumo ule ankara hupewa muhuri wa saa mtu anapoanza kuiandaa, lakini haionekani kwenye jedwali mpaka ihifadhiwe kikamilifu. Moja ilianza saa 5:58 usiku, ikahifadhiwa saa 6:04. Kazi yetu ilipita saa 6:01, ikabeba kila ilichokikuta cha hadi saa sita kamili, ikaihesabu siku ile kuwa imekwisha. Usiku uliofuata ikaanzia saa sita. Ankara ikabaki katikati, na ingebaki hapo miaka yote. Logi haikuwa na mstari hata mmoja wa hitilafu, kwa sababu kila hatua ilifanya ilichoagizwa.

Dawa yake inajulikana: kila uvutaji urudi nyuma kidogo na kuchukua tena dakika kadhaa zilizopita, na huko ziendako rekodi ziandikwe juu ya zile za zamani kwa kufuata namba ya ankara. Katika SAP, programu ya kuendeshea biashara, vichukuzi (vipande vinavyotoa data humo) vinavyofuata muda vina mpangilio wa kipindi cha usalama kwa ajili ya jambo hilihili. Wenzangu wengi huogopa rekodi zitajirudia. Mimi nasema zijirudie! Iliyojirudia utaigundua kwa kuhesabu namba. Isiyokuwepo utaitazama wapi?

Uingereza iliyaona haya mwaka 2020, na kwa uchungu. Visa 15,841 vya UVIKO-19 vilikosekana kwenye takwimu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa kuwa matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili za Excel za fomati ya zamani, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje. Nyuma ya kila mstari ulioachwa palikuwa na watu waliopaswa kuambiwa mapema kwamba wamekaa karibu na mgonjwa.

Excel hiyohiyo hula sifuri za mwanzo. Namba ya mteja 0000104512 ikifunguliwa humo inageuka 104512, na ukiirudisha kwenye mfumo unaambiwa mteja huyo hayupo.

Kuna tabia moja naipinga kabisa: kazi ya usiku ikifeli, mtu anaigeuza hali yake kuwa ya kijani kwa mkono ili zinazofuata ziendelee. Katika SAP BW, ghala la data la SAP, ukifanya hivyo kwa uvutaji wa mabadiliko, yaani ule unaoleta yaliyobadilika tu tangu mara ya mwisho, mfumo unaamini kwamba mzigo umefika. Safari ijayo utaleta mapya tu, na ule uliokwama hautaletwa tena. Acha hali iwe nyekundu, soma logi, kisha omba mabadiliko yaleyale yarudiwe. Ripoti ya asubuhi itachelewa, na mkubwa atapiga simu. Mwambie ukweli, asubiri.

Siku hizi kazi yetu haiandiki "imekamilika" mpaka ihesabu mistari na kujumlisha fedha pande zote mbili. Zikitofautiana hata kwa ankara moja, inasimama. Mhasibu yule hupata hesabu hizo kwa barua pepe kila asubuhi, kabla hajafungua ripoti yenyewe.