Ikiwa mbaya, ni ya nani?

Bibi zetu wa Unguja na Pemba walikuwa na maneno yao ya kufungia ngano: hadithi ikiwa njema, uzuri wake ni wetu sote, ikiwa mbaya, ubaya wake ni wangu mimi niliyeitoa. Ukishayasikia maneno hayo unakwenda kulala. Hakuna aliyemshika bibi kanga akamwambia arudie, safari hii sungura afe.

Stranger Things, ile tamthilia ya kisayansi ya Netflix, ilimalizika tarehe 31 Disemba 2025 kwa saa za Marekani. Kwetu ilikuwa keshapambazuka mwaka mwingine, saa 10 alfajiri ya Januari mosi. Wenye bando la kutosha waliamka nayo, sisi wengine tukangoja flashi ipite mkono kwa mkono. Baada ya siku chache baraza lilikuwa limeshagawika juu ya mwisho wake, kahawa inapoa watu wanabishana. Kisha mitandaoni ikazuka habari iliyozunguka dunia nzima: ule si mwisho wa kweli, ipo sehemu ya 9 ya sizoni hii ya mwisho imefichwa na itatoka tarehe 7 Januari. Watu wakatoa ushahidi, rangi ya majoho ya wahitimu, namna wanafunzi walivyoshika mikono. Tarehe 7 ikaja, ikapita, hakikutoka kitu.

Nimecheka sana, lakini nawaelewa. Sehemu 42 kwa miaka 9 na nusu si kidogo. Mtoto aliyeianza yumo darasa la saba ameimaliza na ndevu zake. Wanaosema mtazamaji ana haki ya kudai wanasimama hapo: nimekupa miaka yangu na bando langu, nami nina changu humu ndani. Wa upande wa pili wanajibu kwamba hadithi ni ya aliyeitunga, na ukitaka mwisho wako katunge yako.

Mimi kwa mwisho mbaya niko na mtungaji, na kilichonifundisha ni Lost, tamthilia ya watu walioanguka na ndege kisiwani. Ile ilifungwa tarehe 23 Mei 2010, wakati Unguja tumetoka juzi tu kwenye kiza cha karibu miezi 3, tangu Disemba 2009 hadi Machi, umeme wa kutoka Bara ulipokatika. Tulikuwa na kiu ya televisheni kama ya mfungaji saa 12 jioni. Tulipoimaliza, nusu ya baraza iliapa kwamba tumetapeliwa: kumbe wote walikufa ndege ilipoanguka, siku ya kwanza! Nami niliapa hivyo hivyo, kwa miaka. Nilipoirudia nikakuta baba yake Jack, mhusika mkuu, anamwambia mwanawe waziwazi kwamba yote yaliyompata ni ya kweli. Lakini ABC, kituo kilichokuwa kikiirusha, kilipitisha picha za mabaki ya ndege, ufuo mtupu, wakati majina yanapita mwishoni, na watu wengi wakaondoka na picha zile badala ya maneno. Sasa hapo ubaya ni wa nani? Wa mtoa hadithi, wa kituo, au wangu mimi niliyekuwa nikitazama huku nasema? Leo naupenda mwisho ule. Ningeletewa mwingine wa kunibembeleza mwaka 2010, nisingeufikia huu.

Ila katika mabishano haya tunachanganya malalamiko mawili. Mwisho mbaya ni jambo moja, kukosa mwisho ni jambo jengine kabisa. Maneno ya bibi yanachukulia kwamba hadithi imefika. Waliotengeneza tamthilia ya Dark, Wajerumani wale, waliimaliza kwa sizoni 3 mwaka 2020 kama walivyopanga, na ugumu wake wote ikafunga fundo lake. Wakaja na 1899. Sehemu 8, ya mwisho ikakupindua kichwa, halafu Januari 2023 Netflix ikaikata. Huko ni kumwinua bibi mkekani katikati ya ngano.

Hapo nasimama na wanaopiga kelele, na kelele wakati mwengine hufaa. Kituo cha CBS kilipoikata tamthilia ya Jericho mwaka 2007, mashabiki waliwatumia karanga na njugu za kila aina, zaidi ya tani 20, mpaka ikarudishwa. Sense8, ambayo mmoja wa wahusika wake wakuu ni dereva wa matatu wa Nairobi, ilikatwa 2017 na mwaka uliofuata ikapewa sehemu moja ya saa 2 na nusu kuagana na watu. The Expanse nayo ilipokatwa ilihamia Amazon ikapata sizoni 3 zaidi.

Wenye kampuni nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Vyombo vya angani vya tamthilia za kisayansi ni ghali kuliko ugomvi wa mawifi sebuleni, na lazima mtu alipie. Jericho yenyewe, na karanga zake zote, ilipewa sehemu 7 tu ikakatwa tena, kwa kuwa waliotuma magunia hawakuongezeka kuwa watazamaji.

Na sasa kumezuka tabia inayoharibu zaidi. Ikitajwa tamthilia mpya ya kisayansi, utasikia: mie sianzi mpaka iishe, nimeshaumwa na nyoka. Ni busara ya mtu mmoja mmoja. Lakini wakingoja wote, idadi ya watazamaji katika mwezi wake wa mwanzo inakuwa ndogo, kampuni inaikata, na aliyengoja anasema si niliwaambia. Sisi huku tuna letu la ziada: tamthilia iliyoangaliwa na mtaa mzima kwa flashi moja, kwenye daftari la Netflix ina watazamaji sifuri. Tunadai mwisho wa hadithi ambayo hatumo hata kwenye hesabu yake.

Netflix ilishatangaza mwaka 2024 kwamba tamthilia yake ya 3 Body Problem itapelekwa hadi tamati. Nikadhani safari hii hakuna wa kuogopa. Kijana mmoja pale barazani akanambia, kaka, sizoni ya pili siigusi mpaka nisikie ya tatu imetoka yote. Nikamuuliza, ile ya kwanza uliiona kwa nani? Akacheka, akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati langu, palipo na flashi.