Kila Mji wa Milimani Una Kasoro Yake!

Jamani, hivi naomba makubwa? Nataka mji wenye hewa ya baridi, milima dirishani na kazi ya kuniweka mjini. Basi!

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua takriban nyuzi 6.5. Haya, napanda. La Paz kule Bolivia, zaidi ya mita 3,600: ngazi chache tu unahema, maana oksijeni ni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko pwani. Quito kule Ecuador? Mji umelala ubavuni mwa volkano ya Pichincha, iliyoumwagia majivu mwaka 1999. Kathmandu kule Nepal? Bonde limezingirwa na milima, na majira ya baridi moshi unanaswa humo kama mvuke chini ya mfuniko wa sufuria. Yaani uhamie Himalaya halafu Himalaya yenyewe usiione!

Aspen kule Marekani, sawa, ni pazuri. Lakini matajiri walishawahi, kodi za nyumba zimepaa kuliko vilele, na wafanyakazi wengi wa mji wanalala mbali huko chini bondeni. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Tangu lini upepo safi ukawa mali ya wenye nacho?

Nanyi mnaoota kama mimi, mmeuona wapi mji usio na kasoro? Semeni basi, tuhame!