Shule rafiki za ng'ambo zinafundisha nini?

Würzburg ya Ujerumani na Mwanza ni miji rafiki tangu 1966. Hamburg na Dar es Salaam walitiliana saini mwaka 2010. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na sinodi ya Kilutheri ya Saint Paul huko Minnesota wana ushirikiano wao, Bega kwa Bega, ulioanza miaka ya 1980, na ada za wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya kazi yake. Chini ya miavuli ya namna hii kuna shule nyingi zenye "shule rafiki" Ulaya au Marekani. Ofisini kwa mkuu wa shule utakuta makubaliano yametundikwa kwenye fremu, nje kuna tangi la maji lenye jina la wafadhili, na siku hizi walimu wa pande zote mbili wana kundi lao la WhatsApp. Ninachouliza ni hiki: mwanafunzi wa Kidato cha Pili amejifunza nini ambacho asingejifunza bila rafiki huyo?

Kuna wanaojibu kwamba swali hilo ni la walioshiba. Binti aliyelipiwa ada akamaliza Kidato cha Nne badala ya kuolewa hahitaji mchambuzi wa kumweleza kama ushirikiano ule ulikuwa "wa usawa". Tangi la maji linafupisha safari za mtoni na kuwarudishia wanafunzi saa za darasani. Nakubaliana nao kabisa, na ninawashuku wanaobeza misaada hii huku watoto wao wakisoma shule zenye maji ya bomba.

Hata hivyo fedha hubadilisha mazungumzo. Mmoja akishakuwa mtoaji na mwingine mpokeaji, barua za wanafunzi hugeuka risiti. Mtoto wa Mwanza anaandika kushukuru, anataja idadi ya ndugu zake na ndoto ya kuwa daktari. Mtoto wa Ulaya anaandika kuhusu mbwa wake, kisha anauliza kama huku kuna simba karibu na shule. Mwalimu wa huku anaisoma barua kwanza, anaondoa sentensi zinazoweza kumuudhi mfadhili, ndipo inatumwa. Huwezi kumlaumu, maana bajeti ya madawati iko mezani. Lakini usimwambie mtu kwamba hapo kuna kujifunza kwa pande mbili. Vanessa Andreotti, msomi mzaliwa wa Brazili, aliwahi kutenganisha mwaka 2006 elimu ya uraia wa dunia iliyo laini, inayomfundisha kijana kuwahurumia walio mbali, na ile ya kuhoji, inayomfundisha kuuliza kwa nini mambo yako hivyo na yeye anahusikaje. Ushirikiano mwingi wa shule ninaoufahamu ni wa aina ya kwanza, kwa nia njema kabisa.

Angalia picha. Huko Ulaya, tangu kanuni za ulinzi wa data zianze kutumika mwaka 2018, shule haithubutu kuweka sura ya mwanafunzi wake mtandaoni bila idhini ya mzazi. Sura ya mtoto wetu, jina likiwa chini yake, hukaa kwenye kalenda ya kuchangisha fedha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na zote zinamhusu mtoto huyu. Ni shule ngapi za huku zimewahi kumwandikia mzazi kuomba ruhusa kabla mgeni hajafungua kamera?

Ajabu ni kwamba wazo lenyewe halikuzaliwa na fedha. Katikati ya miaka ya 1920, mwalimu Célestin Freinet kusini mwa Ufaransa alianza kubadilishana na mwenzake wa Bretagne magazeti yaliyoandikwa na kupigwa chapa na wanafunzi wenyewe. Watoto wa milimani walitaka kujua habari za bahari, wale wa pwani habari za milima. Hakuna aliyekuwa mfadhili wa mwenzake. Mwaka 1988, Vita Baridi ikiwa bado haijaisha, shule 12 za jimbo la New York ziliunganishwa na 12 za Moscow kwa kompyuta, na kutoka hapo ukakua mtandao wa iEARN, ambao leo una walimu hata Kenya na Uganda. Umoja wa Ulaya nao ulianzisha eTwinning mwaka 2005: walimu wawili wa nchi mbili wanakutana mtandaoni, wanakubaliana kazi, wanaifungulia ukumbi wa pamoja wa darasa zao, bila malipo na bila shule moja kuidai nyingine shukrani. Ndiyo siri ya mpango ule. Kwa bahati mbaya milango yake inaishia kwa majirani wa Ulaya kama Ukraine, Georgia na Tunisia. Mwalimu wa Tabora hana pa kujiandikisha.

Intaneti inalaumiwa kupita kiasi. Nyaya za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na mwalimu wa kijijini mwenye simu janja anaweza kutuma picha, ingawa kwa bando lake mwenyewe. Vizuizi vikubwa zaidi ni ratiba na mitihani. Saa mbili na nusu asubuhi ya Minnesota, wakati wa baridi, ni saa kumi na moja na nusu jioni Iringa. Wanafunzi wa kutwa wameshafika nyumbani. Mradi unaoanza Ujerumani kwa ari mwezi Oktoba unagonga mlango wetu wakati Kidato cha Nne wanajiandaa kwa mtihani wa Novemba, na mwalimu wa taaluma hataki kusikia habari za marafiki. Agosti sisi tuko darasani, Würzburg wako likizo. Muda unaofaa kweli ni Februari hadi Mei, lakini hata hapo mikutano ya video ambayo wageni huipenda mno haisaidii. Kwa kawaida mkutano huo huishia kwa watoto hamsini kujazana mbele ya kompyuta mpakato moja, wakipunga mikono, wakisema "hello", kisha sauti inakatika. Na kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, kila kitu kinapita kwenye simu ya mwalimu mmoja. Akihamishwa, urafiki nao umehama.

Kwa hiyo ningependekeza jambo lisilohitaji video wala fedha, ila lisilowezekana bila mtu wa upande wa pili. Tarehe 20 Machi hivi, jua linapokuwa juu ya ikweta, darasa la Mwanza lisimike kijiti cha mita moja wima na kupima kivuli kifupi kuliko vyote cha siku hiyo. Watapata kama sentimita 4, kikielekea kusini. Würzburg, kwa kijiti kilekile, watapata karibu sentimita 118 kuelekea kaskazini. Kutoka hapo kila darasa linapata pembe yake. Ukizijumlisha ni takriban nyuzi 52. Ramani inaonyesha umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya miji hiyo kuwa kama kilomita 5,800. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 52: umepata mzingo wa dunia, karibu na kilomita 40,000, kwa njia ya Eratosthenes, msomi wa Kigiriki aliyekuwa Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kivuli cha upande mmoja pekee hakitoshi, na kipimo cha Mwanza kina uzito uleule na cha Würzburg. Njiani mwanafunzi anagundua kuwa adhuhuri ya Mwanza siku hiyo inakaribia saa saba, wala si saa sita ya ukutani. Kinachotumwa ni ujumbe mfupi wenye namba mbili.

Atakayesema hesabu peke yake haijengi urafiki ana hoja. Ila nimeona heshima ikikua haraka zaidi kwa watu wanaosahihishana hesabu kuliko kwa wanaoandikiana shukrani.

Halafu, kwa nini rafiki awe kaskazini tu? Jibu la haraka ni fedha, na tumeshaliona. Arusha na Bujumbura ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa latitudo, kama nyuzi 3.4 kusini. Vivuli vyao vya adhuhuri vitalingana, kwa hiyo njia ya Eratosthenes haitawafaa. Lakini adhuhuri ya Bujumbura huchelewa kama dakika 29 baada ya ile ya Arusha, mkishaondoa tofauti ya saa moja ya majira, na umbali ni kama kilomita 810. Dunia huzunguka mara moja kwa dakika 1,440. Zidisha 810 kwa 1,440, gawanya kwa 29, na mzingo wa dunia umejitokeza tena. Mkikosea dakika mbili katika kuikamata adhuhuri, jibu linapotea kwa kilomita 3,000 hivi. Hapo ndipo ubishi mzuri unapoanza, wa nani alipima vibaya, na mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, anaweza kuubisha kwa Kiswahili bila kusubiri mwalimu amsahihishie Kiingereza. Arusha ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gharama nzima ni vijiti viwili, saa mbili zilizolinganishwa na bando la wiki, na hakuna mfadhili atakayetaka jina lake liandikwe kwenye kijiti.