Mkazo Usiotulia

Jamani, sisi Waswahili mkazo wetu, ile nguvu tunayoiweka kwenye silabi moja ya neno, una adabu. Unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi. "Nyumba" ikawa "nyumbani", nao unasogea wenyewe bila kusukumwa. Mkorofi ni "barabara", ya lami na ile ya "sawa barabara", na huyo tumeshamzoea.

Sasa njoo Malindi uendeshe tuktuk, mji ambao hadi muuza madafu anapatana bei kwa Kitaliano. "Parlo", nasema: mkazo PAR. "Parliamo", tunasema: LIA. "Parlate", mnasema: LA. Mpaka hapo unaona hiki ni Kiswahili kilichovaa miwani ya jua. Ngoja ufike "parlano", wanasema. Mtu mwenye akili zake ataweka mkazo LA, sivyo? Signora, abiria wangu mama wa Kitaliano, kule kiti cha nyuma anaruka kama ameketi juu ya msumari: "PAR-la-no!" Nyie, hao "wao" wana nini na sisi?

Na hapo bado. "Telefonano", wanapiga simu: te-LE-fo-na-no. Silabi ya nne kutoka mwisho! Ukishaitamka LE zimebaki tatu za kukimbiza kwa pumzi moja, na mbele yako bodaboda imekata kona bila ishara.

"Aspettano", wanasubiri, inakatwa a-SPET-ta-no: s inafuatana na p, t mbili zinatengana. Hiyo naweza, ingawa mdomo uliozoea silabi kuishia na vokali hugoma pale SPET.

Kinachoniudhi hasa ni vitenzi vya -ere. "Vedere", kuona, mkazo DE. "Leggere", kusoma, mkazo LEG. Ukiuliza sababu unaambiwa ni mambo ya Kilatini. Marehemu wa karne nyingi, bado anagawa mirathi!

Halafu "capito". Ukisema CA-pi-to, unatokea. Ukisema ca-PI-to, umeelewa. "Capitò", alitokea, hiyo ndiyo peke yake iliyoandikiwa alama, kwa kuwa mkazo uko mwisho. Yaani alama wanayo, kuiandika wanajua, ila sehemu nyingine zote ujitafutie.

Signora huyo hanisamehei hata silabi moja, kutoka sokoni hadi kwake. Tukifika, nikitaja nauli, Kitaliano chote kinamtoka: "Punguza kidogo, baba, mimi mwenyeji." Mkazo kila mahali pake.